Mfongo na Matandazo: Historia ya Kutunza Maji katika Vihamba vya Kilimanjaro

Kwenye miteremko ya kusini na mashariki ya Mlima Kilimanjaro, baina ya msitu wa juu na nyanda kavu za chini, Wachagga wamelima migomba kwa vizazi vingi katika shamba linaloizunguka nyumba, ambalo huitwa kihamba. Shamba hilo limedumu kwa misingi miwili iliyotegemeana: mfongo, yaani mfereji uliochimbwa kuleta maji ya mto hadi vihambani, ambako yaligawanywa kwa zamu, na matandazo, yaani majani makavu, nyasi, maganda ya migomba na mabaki mengine ya mimea yanayotandazwa juu ya udongo ili unyevu usipotee upesi. Wasafiri, wahandisi na wanahistoria wameandika mengi kuhusu msingi wa kwanza na machache kuhusu wa pili, na kwa sababu hiyo maarifa ya maji ya Kilimanjaro yamekuwa yakisomwa nusu. Makala haya yanaifuata historia ya misingi yote miwili kwa pamoja, kwa hoja kwamba maji ya vihamba hayakutunzwa na mfereji peke yake, bali na zamu iliyolindwa na jamii pamoja na kifuniko cha udongo kilicholindwa na kila nyumba.

Ukanda wa vihamba uko, kwa kadirio, baina ya mita 1,000 na mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei na vuli huja baina ya Oktoba na Desemba, lakini katikati ya misimu hiyo kuna miezi ya ukavu, na kadiri mtu anavyoshuka kuelekea mji wa Moshi ndivyo mvua inavyopungua, ilhali msitu ulio juu ya vihamba hupokea zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mgomba hauvumilii ukavu kwa urahisi, kwa kuwa majani yake mapana hutoa mvuke mwingi, sehemu kubwa ya mizizi yake hukaa katika sentimita 30 au 40 za juu za udongo, na mmea wenyewe hauna msimu wa kupumzika. Huendelea kutoa majani na machipukizi mwaka mzima, hata majuma machache ya kiu huja kuonekana baadaye katika mkungu mwembamba. Mwenye kihamba alikabiliwa basi na maswali mawili, la kwanza likiwa namna ya kuyafikisha maji ya msituni shambani wakati mvua imekoma, na la pili namna ya kuyazuia yasiondoke mara yalipofika.

Jibu la swali la kwanza lilikuwa mfongo. Mito ya Kilimanjaro hupita katika makorongo yenye kina kirefu, hivi kwamba mtu aliyejenga ukingoni mwa mto huweza kuyasikia maji bila kuweza kuyafikia, na kwa sababu hiyo wachimbaji walilazimika kupanda juu, mara nyingi hadi ndani ya msitu, mahali ambapo mto ulikuwa bado karibu na usawa wa ardhi. Hapo walijenga banio, yaani kizuizi cha mawe, matawi, udongo na vigogo vya migomba kilichogeuza sehemu ya maji na kuiacha sehemu nyingine iendelee na safari yake, kisha wakachimba mfereji uliofuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana. Hawakuwa na vipimo vya chuma; maji yenyewe ndiyo yaliyokuwa kipimo, kwa maana mchimbaji aliyaruhusu yamfuate na kutazama kama yanakwenda, yanasimama au yanakimbia hadi kula udongo. Palipokuwa na bonde dogo, maji yalivushwa juu ya magogo yaliyochimbwa katikati kama mtumbwi, na kutoka kwenye mfereji mkuu yalitawanyika kwenye matawi madogo mpaka shinani mwa migomba.

Kazi ya namna hiyo haikuweza kufanywa na mtu mmoja, na ndiyo maana mfongo ulikuwa chombo cha maji na wakati huohuo chombo cha sheria. Mtu au ukoo ulioanzisha mfereji ulikuwa na heshima ya kudumu juu yake, na msimamizi wake, ambaye kwa Kichagga aliitwa meni mfongo, yaani mwenye mfongo, aliongoza matambiko ya kuwaomba mababu, aliwaita watu kwenye matengenezo na alisimamia ugawaji. Umiliki huo haukuwa wa maji yenyewe, kwa sababu maji yalihesabiwa kuwa neema iliyowafikia watu kutoka juu, bali ulikuwa umiliki wa jasho lililoyaleta. Aliyechangia kuchimba na kuzibua alipata haki ya kunywesha, na aliyekwepa kazi bila sababu alihatarisha zamu yake au alitozwa faini, ambayo mara nyingi ilikuwa pombe au mnyama. Mangi, yaani mtawala wa eneo, aliingia pale ambapo mashauri yaliwashinda wenye mfongo, hasa mfereji mmoja ulipozihudumia koo nyingi au ulipovuka mpaka wa himaya yake. Utaratibu huo ulikuwa na ubaguzi wake pia, kwani mila ziliwazuia wanawake wasikaribie banio, ingawa wao ndio waliochota maji ya nyumbani na kubeba sehemu kubwa ya kazi za kihamba.

Kiini cha utaratibu huo kilikuwa zamu. Mtumiaji alipewa siku yake, au sehemu ya siku kama vile asubuhi hadi adhuhuri au adhuhuri hadi jioni, na muda huo ulipokwisha alifunga njia ya maji kwa udongo na maganda ya mgomba ili mwenzake aliye chini afungue yake. Usiku maji hayakuachwa yapotee bure, kwani katika sehemu nyingi yaliingizwa katika bwawa dogo la udongo liitwalo nduwa, ambalo wenzao wa milima ya Upare huliita ndiva, na asubuhi bwawa lilifunguliwa ili maji yatoke kwa nguvu ya kutosha kufika mashamba ya mbali, jambo ambalo mkondo mwembamba wa mchana usingeliweza. Wakati wa kiangazi mgawo ulikuwa mkali zaidi, kwa sababu maji yalihitajiwa pia na ulezi uliolimwa chini ya vihamba, nao ulezi haukuwa zao dogo, kwa kuwa pamoja na ndizi ndio unaotengeneza mbege, pombe ambayo bila hiyo hapakuwa na mahari, tambiko wala mapatano yaliyotimia.

Katika kilimo cha siku hizi, kupanga umwagiliaji ni kuamua lini mmea upewe maji na kwa kiasi gani, kwa kulinganisha maji yanayotoka kwa uvukizi wa udongo na utoaji mvuke wa majani, kwa upande mmoja, na maji ambayo udongo unaweza kuyashika karibu na mizizi, kwa upande wa pili. Zamu ya mfongo haikufuata hesabu hiyo kikamilifu, kwa maana ilitoka kwenye mgawo wa haki baina ya watu kabla ya kutoka kwenye mahitaji ya mmea mmoja mmoja, na aliyepata maji leo aliweza kusubiri siku nyingi kabla ya kuyapata tena. Pengo hilo la siku ndilo linaloeleza kwa nini mfereji usingetosha peke yake. Maji yaliyofika kwa zamu yalihitaji mahali pa kukaa mpaka zamu nyingine, na ghala lenyewe halikuwa nduwa bali udongo wa kihamba, ambao usingeweza kuyashika kama ungeachwa uchi mbele ya jua.

Hapa ndipo matandazo yanapoingia katika historia. Mgomba ulipokwisha kuzaa ulikatwa, mkungu ukaenda jikoni kwa mtori au kwenye pipa la mbege, na shina likapasuliwa na kulazwa baina ya mashina yaliyobaki pamoja na majani makavu yaliyopogolewa. Wanawake walishuka hadi nyanda za chini na kurudi na mizigo ya nyasi kichwani kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi waliofugwa zizini, na nyasi zilizosazwa na mifugo, zikiwa zimechanganyika na samadi, zilitolewa zizini na kutandazwa chini ya migomba. Kwa njia hiyo unyevu na rutuba vilifuata barabara moja: kutoka nyandani hadi zizini, kutoka zizini hadi shinani, na kutoka shinani kurudi tena zizini, kwa sababu majani na vigogo vya migomba vilikuwa pia chakula cha ng'ombe. Mvutano baina ya kulisha na kufunika ulikuwepo daima, na kila nyumba ilibidi iamue ni kiasi gani cha mabaki kiende kwa mnyama na kiasi gani kibaki ardhini. Uamuzi huo mdogo, uliorudiwa kila siku hasa na wanawake, ulihesabika katika maisha ya kihamba sawa na uamuzi wa wazee kuhusu siku za maji.

Kifuniko hakikuwa majani makavu tu. Juu ya migomba ilisimama miti mirefu iliyoachwa makusudi, kama mringaringa na msesewe, ambao gome lake hutumika katika mbege. Chini yake ilikuwa migomba yenyewe, kisha mibuni baada ya kahawa kuingia, kisha viazi vikuu, magimbi na mboga, na mipakani palipandwa masale, mmea ambao Wachagga huutumia pia kuomba msamaha na suluhu. Watafiti walioandika kuhusu vihamba mnamo miaka ya 1980 walihesabu zaidi ya spishi 100 za mimea katika mashamba yenye ukubwa wa wastani usiofika hekta moja. Mpangilio huo wa ghorofa ulipunguza jua na upepo vinavyokausha ardhi, nayo majani yaliyodondoka kutoka juu yaliongeza matandazo bila mtu kuyabeba.

Sayansi ya udongo inathibitisha sababu za desturi hiyo. Tabaka la mabaki ya mimea huzuia mwanga wa jua usifike moja kwa moja kwenye udongo, na hivyo hupunguza uvukizi. Huvunja nguvu ya matone ya mvua ili yasizibe vinyweleo vya udongo. Hupunguza kasi ya maji yanayoteremka mlimani ili yapate nafasi ya kuzama. Huzuia magugu ambayo yangegombania unyevu. Na linapooza huongeza mboji, ambayo huuwezesha udongo kushika maji zaidi. Matandazo yana masharti yake pia. Fukusi wa migomba, mdudu ambaye viwavi wake hutoboa tunguu la mgomba, hupenda kujificha penye unyevu na vigogo vinavyooza, na kwa hiyo shauri la kitaalamu ni kupasua vigogo vikauke upesi na kuyaweka matandazo mbali kidogo na shina.

Kilimanjaro haikuwa peke yake katika maarifa haya. Ng'ambo ya pili ya nchi, magharibi mwa Ziwa Victoria, Wahaya wa Bukoba walijenga kibanja chao cha migomba na kahawa bila mifereji ya namna ya mfongo, kwa kuwa mvua ya ziwa iliwatosha zaidi, lakini walikata nyasi za rweya, yaani mbuga wazi zilizo nje ya kibanja, na kuzitandaza migombani mwaka baada ya mwaka mpaka udongo wa kibanja ukawa mweusi na wenye rutuba kuliko ardhi iliyouzunguka. Ulinganisho huu unaonyesha kwamba matandazo yaliweza kusimama bila mfereji palipokuwa na mvua ya kutosha, ilhali katika kihamba, ambako miezi ya ukavu ilikuwa mirefu zaidi, mfereji haukuweza kusimama vema bila matandazo.

Wageni walioandika kuhusu mlima hawakuyaona maarifa haya yote kwa usawa. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyefika Kilema mwaka 1848, ndiye Mzungu wa kwanza anayejulikana kuandika habari za Uchagga, akafuatiwa na Charles New mwaka 1871 na Harry Johnston, aliyekaa Moshi mwaka 1884. Katika maandishi ya karne ya 19, maji yanayotiririka katika mifereji kila upande yalisifiwa kuwa miongoni mwa mambo ya ajabu ya mlima. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyeishi Uchagga kwa vipindi tangu 1902 hadi 1938, aliziandika kwa kina sheria na matambiko ya Wachagga, na Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza, alichapisha kitabu chake kuhusu Kilimanjaro na watu wake mwaka 1924. Mfereji ulivuta macho ya wageni kwa sababu unaonekana na una wazee wa kuusemea, lakini jani lililooza chini ya mgomba halina mzee wa kulitambikia, nalo likaachwa katika orodha ya kazi za nyumbani zisizohesabiwa kuwa maarifa.

Utawala wa kikoloni ulibadili mizani. Kahawa iliyoletwa na wamisionari wa Kikatoliki mwishoni mwa karne ya 19 iliingia vihambani chini ya kivuli cha migomba, na Wachagga wakaanzisha chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, ambacho kilifuatiwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, mwaka 1933. Wakati huohuo walowezi waliochukua ardhi chini ya vihamba walidai maji ya mito ileile, na Sheria ya Maji ya Tanganyika ya mwaka 1923 ilianza kuyageuza maji kuwa jambo la hati na idhini ya serikali. Mwaka 1935 Edmund Teale na Clement Gillman walitoa ripoti kuhusu udhibiti wa maji katika Jimbo la Kaskazini, na katika mijadala ya miongo hiyo maofisa walirudia lawama kwamba mifongo inavuja, inapoteza maji na inamomonyoa udongo. Lawama hiyo ilikuwa na ukweli, kwani mfereji wa udongo huvuja, na usipotunzwa hubomoka. Hata hivyo haikuzingatia kwamba sehemu ya maji yaliyovuja ilizama katika vihamba vilivyo chini ya mfereji, vilivyofunikwa na matandazo na kujaa mizizi, na kwamba maji yaliyoitwa hasara na mhandisi anayepima mwisho wa mfereji yalikuwa faida kwa mgomba ulio njiani.

Baada ya uhuru, pigo kubwa zaidi liliiangukia zamu. Utawala wa mamangi ulifutwa mwaka 1963, na pamoja nao likaondoka baraza la mwisho la mashauri ya mifereji. Sheria ya mwaka 1974 iliyatangaza maji yote kuwa mali ya Jamhuri. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, na mitambo ya umeme ya Mto Pangani iliyafanya maji ya mlima kuwa hitaji la taifa. Na skimu ya mpunga ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987, iliongeza wadai katika nyanda za chini. Mabomba yaliwapatia watu maji safi karibu na nyumba, jambo jema lisilo na ubishi, lakini yaliondoa sababu mojawapo iliyowafanya watu wote waujali mfereji. Bei ya kahawa iliposhuka na vijana walipokwenda shule na mijini, siku za msaragambo, yaani kazi ya pamoja, zilikosa mikono, na mifongo mingi ikajaa udongo na kuachwa.

Wengine wamedhani kwamba mifongo ilikauka kwa sababu theluji ya Kibo, kilele cha mlima, inayeyuka, na ni kweli kwamba zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu lililopimwa mwaka 1912 lilikuwa limetoweka ilipofika 2007. Lakini maji ya mito ya Kilimanjaro hutoka kwa sehemu kubwa sana katika mvua na ukungu unaonaswa na msitu, wala si katika barafu, na kwa hiyo sababu za kupungua kwake zatafutwa kwanza katika hali ya msitu, katika mabadiliko ya mvua na katika wingi wa watumiaji. Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu takriban 650,000 katika sensa ya 1967, na sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 1.8, vihamba vimegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka vingine havitoshi kulisha ng'ombe mmoja, na pasipo na ng'ombe hakuna samadi, wala mzigo wa nyasi hauna sababu ya kupandishwa kutoka nyandani.

Hata hivyo matandazo yameonyesha ustahimilivu ambao zamu haikuwa nao. Kwa kuwa hayakuhitaji kibali cha mangi, hati ya wizara wala mkutano wa ukoo, yaliendelea mikononi mwa wenye nyumba hata mahali ambapo mfereji umekauka, na mfumo wa kihamba wa kijiji cha Shimbwe Juu ulitambuliwa mwaka 2011 na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuwa miongoni mwa mifumo ya kilimo ya urithi wenye thamani kwa dunia. Tofauti hii ni somo la kihistoria: mbinu iliyo mikononi mwa nyumba moja hudumu hata taasisi zikianguka, lakini mbinu inayohitaji watu wengi hufa mara tu mamlaka inayoaminiwa na wote inapoondolewa bila nyingine kuwekwa mahali pake.

Leo mashamba ya maparachichi yanapanuka kwenye miteremko ya Kilimanjaro na katika nyanda za Njombe, na wenye uwezo hutumia umwagiliaji wa matone, yaani mabomba membamba yanayodondosha maji karibu na shina, pamoja na vifaa vya kupima unyevu wa udongo. Vifaa hivyo vinaweza kufanya jambo ambalo zamu ya kale haikuweza, nalo ni kuufuata mmea badala ya kuifuata kalenda. Lakini havifuti maswali mawili ya mwanzo. Maji yaliyopimwa kwa usahihi hupotea vilevile juu ya udongo ulio uchi, na shamba linalotumia maji kwa busara ndani ya ua wake bado linachota katika mto wenye majirani walio juu na walio chini. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka nafasi kwa jumuiya za watumia maji, na jumuiya hizo zitafaa pale tu zitakapopewa nguvu iliyokuwa ya meni mfongo: kujua nani ana zamu leo, na kusikilizwa zinaposema kwamba zamu ya fulani imekwisha.

Historia ya vihamba inawataka basi wataalamu wa kilimo, wanapowafundisha wakulima kutandaza na kupanga umwagiliaji, waanze kwa kuuliza ni nini kilikuwepo kabla yao, na inawataka wenye vihamba wasiyachome majani yaliyoanguka wala kuuacha mfongo uliobaki ufe kwa kukosa siku chache za jembe. Mfereji uliozibwa unaweza kuzibuliwa kwa msimu mmoja. Kuaminiana kwa watu wanaopokezana maji huchukua kizazi kizima kurudishwa, na kwa sababu hiyo ndiko kunakopaswa kulindwa kwanza.